Vua Fedha Kabla ya Kuingia Majini

Jumapili usiku, chai imepoa, daftari liko wazi mezani. Nilikuwa naandika orodha ya vitu vya kufungasha kwa safari ya Saint Lucia, kisiwa cha Karibi, ninakokwenda kuoga maji ya volkano yenye kiberiti. Nguo ya kuogelea, iwe nyeusi, kwa sababu ya rangi nyepesi hutoka na madoa yasiyofulika. Kandambili zenye mkanda wa nyuma. Taulo kuukuu. Dawa ya mbu. Nikafika kwenye ushauri ambao kila aliyekwenda kule anaurudia: vua vito vya fedha kabla ya kuingia majini, la sivyo vitapiga weusi.

Nikaandika: "Vua fedha."

Kalamu ikaishia hapo.

Nilimwona mama. Amekaa uani kwetu Ngamiani, Tanga, juu ya kibao cha mbuzi, kanipa mkono wake wa kushoto. Bangili yake ya fedha ni nyeusi tii kama chungu cha kupikia. Mimi nina miaka saba au minane, nimeshika nusu limau iliyochovywa kwenye majivu, nasugua mpaka vidole vinawasha. "Sugua na kwa ndani," ananiambia. "Fedha hii mbovu, baba yako alipigwa na sonara."

Miaka thelathini na kitu nimeamini kwamba baba alipigwa na sonara.

Wiki ya tatu sasa. Nakwenda kazini, narudi, napika, nalala, na ile bangili inanizunguka kichwani. Kwa hiyo nimeamua kuandika.

Anti wa zamu ya usiku

Safari yenyewe ilianzia kwenye kelele.

Tarehe 3 Agosti 2024, nyumba ya kulea wazee ninakofanya kazi huku Uingereza. Ndiyo kwanza tumepokea zamu. Nasukuma kitoroli cha dawa, mara nasikia mwanamke anapiga ukelele ukumbini, ukelele wa msiba au wa harusi, sikuweza kujua upi. Nikaacha kitoroli nikakimbia. Nikamkuta mwenzangu wa usiku, mama wa miaka sitini na ushee, mwenye magoti mabovu na nidhamu ya kijeshi, anarukaruka mbele ya televisheni. Kule Paris, kwenye mvua, binti anayeitwa Julien Alfred alikuwa ametoka kushinda mita 100 kwa sekunde 10.72. Nchi yao, Saint Lucia, haikuwahi kupata medali yoyote ya Olimpiki. Ya kwanza ikaja dhahabu.

Mzee mmoja akatoka chumbani kwake kuuliza kama vita vimekwisha.

Huyo mama namwita Anti. Yeye huniita "doudou", neno la Kikrioli chao, kama sisi tunavyosema "mpenzi" au "mwaya". Tangu usiku ule mdomo wake ukafunguka. Saa tisa usiku, wazee wamelala, tunakunywa chai, ananisimulia Soufrière, mji aliozaliwa. Milima miwili ya Piton iliyosimama baharini kama pembe za ng'ombe. Mto unaopita nyuma ya mji, unaobeba maji ya volkano. Poromoko ambalo jiwe lake halina rangi moja: leo njano, kesho kijani, kesho kutwa kama kutu.

"Na maji ni ya moto?"

"Vuguvugu. Kama ya kumwogesha mtoto."

Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa niaba ya kijiji chake: "Ila yananuka, doudou. Mayai viza."

Nikacheka. Nikamwambia harufu hiyo naijua, na sisi kwetu tunayo. Hakuniamini.

Penye kiberiti

Jina lenyewe Soufrière ni la Kifaransa: mahali penye salfa. Pengine ningelitafsiri "Penye Kiberiti", maana mababu zetu walilipokea neno hilo kutoka kwa Waarabu likiwa na maana ya madini yenyewe, kabla halijahamia kwenye kijiti cha kuwashia jiko. Kila ninapomtuma mtu njiti, natamka jina la kitu kinachonuka Galanosi.

Galanosi, kwa asiye wa Tanga, ni yale majimoto ya Amboni, unayoyafikia ukitoka mjini kwa barabara ya Horohoro. Yamebaki na jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Kule Saint Lucia mji mzima umekaa ndani ya bonde la volkano ya kale, na joto bado lipo chini: maji ya mvua yanazama ardhini, yanapashwa, yanayeyusha madini kwenye mwamba, yanapanda tena juu yakiwa yamebeba kila kitu. Kiberiti kinatia njano, chuma kinatia kutu. Amboni ni nchi ya mawe ya chokaa, ndiyo maana ina mapango. Ardhi ni tofauti kabisa, lakini harufu ni ileile.

Na dawa ya kuipa fedha weusi ni ileile pia. Ule uvundo wa yai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi, na ikikutana na fedha inazaa ngozi nyeusi juu yake. Haichukui siku. Kuoga mara moja kunatosha.

Hilo nililisoma zamani shuleni, nikalijibia mtihani. Halikuwahi kukutana kichwani mwangu na mkono wa mama.

Baba wa moto, Mama wa baridi

Nirudi kwenye mipango, maana mipango nayo ina visa vyake.

Zamu yangu ya kupokea mchezo iliangukia Desemba, na nilikuwa na wiki mbili za likizo zinazokaribia kufa bila kutumika. Februari ni kiangazi upande ule; msimu wa vimbunga, unaoanza Juni, unakuwa umekwisha Novemba. Ilibaki kuchagua kisiwa, na hapo nikayumba.

Kuna Dominica, jirani wa kaskazini, baada ya Martinique. Karibu na mji mkuu wa Roseau kuna maporomoko mawili yanayoanguka pamoja, Trafalgar. Lile refu wenyeji wanaliita Baba, na lile fupi Mama, na kwenye mawe ya upande wa Baba ndiko yanakopita maji ya moto. Nilipenda mno. Mswahili gani asingependa? Baba wa moto, Mama wa baridi, nikaanza hata kuwatungia utani. Lakini safari yake kutoka huku inataka ubadilishe ndege visiwani, na ukifika, kuyafikia maji yenyewe ni kupanda magogo ya mawe yanayoteleza. Septemba 2017 kimbunga Maria kiliipiga Dominica kikiwa cha daraja la 5, daraja la mwisho, kikaichana misitu yote. Kijani kimerudi, wanasema. Mimi si mtu wa kupanda mawe.

Saint Lucia kuna ndege ya moja kwa moja kutoka London, inatua Hewanorra, ncha ya kusini, halafu gari, saa nzima hivi ya kona, mpaka Soufrière. Na Anti mwenyewe atakuwepo. Kila Februari anakwenda kwao, na tarehe 22 ndiyo siku yao ya uhuru, walioupata mwaka 1979.

Nikakata tiketi.

Poromoko la kutazama

Sasa sikieni kilichonipata baada ya kulipa.

Picha iliyonishika miezi yote ni ya poromoko la Diamond, ndani ya bustani nje kidogo ya mji. Maji membamba, ukuta wa jiwe uliopakwa rangi na madini, majani makubwa pande zote. Nilishajiona nimesimama chini yake, maji yananimwagikia utosini.

Hairuhusiwi.

Unasimama pembeni, unatazama, unapiga picha, unaondoka. Anayetaka kuoga anakwenda kwenye mabirika ya maji ya moto yaliyojengwa ndani ya bustani hiyo hiyo, kwa malipo ya ziada. Nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyeambiwa bibi harusi hatokei. Nikamlalamikia Anti. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe unataka kuoga au unataka kupigwa picha unaoga?"

Sikumjibu. Swali lilikuwa la haki.

Kwa watakaonifuata: maporomoko ya kuoga yapo. Kwenye barabara inayoteremka kuelekea ufukwe ulio kati ya Piton zile mbili kuna poromoko dogo la maji ya uvuguvugu, unasimama chini yake utakavyo. Na kuna Sulphur Springs, ambako volkano yenyewe inapumua. Pale juu maji yanachemka kwa rangi ya makaa. Zamani wageni walipelekwa kutembea juu ya gamba la ardhi, mpaka mwongozaji mmoja akatumbukia akaungua vibaya. Toka hapo mnatazama kwa mbali, kutoka kwenye jukwaa. Maji yanapoteremka yanapoa, na huko chini ndiko watu wanakojipaka tope la kijivu na kuingia mabwawani.

Nimepanga asubuhi moja ya Diamond, mapema kabla wageni wa meli hawajafika, na siku nyingine ya poromoko lile dogo. Tope sijui. Nimekuwa nikilipa pesa nzuri kuondoa tope mwilini tangu nikiwa mtoto.

Mabirika ya mfalme

Jambo hili nililipita haraka mara ya kwanza, likanirudia.

Mabirika ya Diamond yalijengwa mwaka 1784. Gavana wa Kifaransa aliyapeleka maji yale yapimwe, akapata fedha kutoka kwa Louis XVI, yule aliyekatwa kichwa baadaye, ili askari wake walioko kisiwani wapate mahali pa kujitibu. Mapinduzi ya Ufaransa yalipovuka bahari mabirika yakavunjwa, na baadhi yalifufuliwa karne ya 20. Vibao vya bustani vinaieleza hadithi hii kwa fahari kidogo, mfalme na askari wake.

Mwaka 1784 Soufrière ilikuwa mji wa mashamba ya watumwa. Uhuru wa watumwa katika makoloni ya Waingereza, ambao ndio waliobaki na kisiwa baada ya kunyang'anyana na Wafaransa mara kumi na nne, ulikuja mwaka 1834, na hata hapo wakabakizwa kwenye kazi ya lazima miaka minne zaidi. Nilimuuliza Anti, zile nyundo alizishika nani?

"Unafikiri alizishika mfalme?"

Nilifikiria kufuta siku ya Diamond. Kwa siku mbili tatu nilijiona mtu wa msimamo kabisa. Halafu nikamwambia Anti, nikitegemea atanisifu. Akasema bibi yake alikuwa akifua kwenye mto huo huo, chini ya bustani, maji yaleyale yakiwa yameshapita kwa wenye shamba. Hakuna aliyewahi kumwambia bibi kwamba ni maji ya mfalme. Alifua tu, na mikono yake, kwa maelezo ya Anti, haikuwahi kuuma hata uzeeni.

"Nenda kaoge, doudou. Lipa, oga, vaa nguo zako."

Siku ile bado ipo kwenye ratiba. Nimeiwekea alama ya kuuliza pembeni na sijaifuta.

Safari ya darasa la tano

Kuna kitu sikumwambia Anti.

Darasa la tano tulipelekwa Mapango ya Amboni. Kila mtoto wa Tanga amepelekwa. Wakati wa kurudi mwalimu akasema tupitie na majimoto. Tulipokaribia tu, basi zima likaziba pua. Tukashuka tukicheka. Majini kulikuwa na wanawake watatu, wamejifunga kanga kifuani, wanajimwagia taratibu kwa kata, wametupa mgongo. Mvulana mmoja akapiga kelele, "Wenye upele hao!" Tukacheka basi zima, na mimi nikacheka mpaka machozi.

Hakuna aliyegeuka.

Huo ndio ukaribu wangu wote na maji ya Amboni. Nimeishi kilomita chache kutoka chemchemi ya moto mpaka nimekuwa mtu mzima, sikuwahi kuchovya hata kidole. Sasa natumia pesa za mchezo wa mwaka mzima kwenda kujimwagia kiberiti upande wa pili wa dunia, saa saba nyuma ya saa ya mama yangu. Dada yangu aliposikia aliniambia kwa upole wa kutisha: "Si ungekuja nyumbani tu? Na chenji tungeezeka choo."

Hana makosa. Hesabu niliipiga, na bati zingebaki.

Simu ya Ijumaa

Nilingoja Ijumaa, baada ya swala, saa ambayo mama huwa peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Uko salama?"

"Niko salama. Nilitaka kukuuliza ile bangili."

"Ipi?"

"Uliyonivisha siku naondoka."

Kimya. Kuku wa jirani wakasikika.

"Umeiuza?"

"Sijaiuza, mama." Sikumwambia kwamba sijawahi kuivaa pia, kwamba iko kwenye bahasha, droo ya chini, kwa sababu mtu havai Ulaya fedha aliyopigwa na sonara. "Nataka kujua kwa nini ilikuwa inapiga weusi."

"Fedha mbovu ile. Baba yako..."

"Mama. Ulikuwa unakwenda Galanosi?"

Nilidhani simu imekatika. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani, kama mtu aliyefumaniwa anakula jikoni.

"Nani kakwambia?"

Akanisimulia. Ukurutu ulimshika mikono yote, kutoka viwiko mpaka mabegani. Dawa za hospitali za kupaka zilituliza wiki moja, ukarudi. Jirani akamwambia twende. Alhamisi, baba yuko bandarini, wanapanda gari la Horohoro, wanashuka Amboni, wanakwenda kwa miguu. Nyumbani akisema anakwenda kwa fundi cherehani. Bangili hakuweza kuivua, ilishambana tangu arusi. Ndiyo iliyokuwa ikimchongea, kwa hiyo akaitafutia uongo wake.

"Kwa nini ulificha?"

"Mwanamke akionekana Galanosi, mtaa mzima unajua ana kitu mwilini. Na wewe ulikuwa na mdomo."

"Ilikusaidia?"

"Ukurutu ulipungua. Nilipobeba mimba ya mdogo wako ukaondoka wenyewe. Sijui ni maji, sijui ni Mungu tu. Lakini nakwambia, ule muda ndani ya maji, mwanangu, mikono haikuwasha. Nusu saa. Mtu haulizi nusu saa."

Safari yetu ya darasa la tano ilikuwa siku ya katikati ya wiki. Sikumuuliza mama alikwenda Galanosi mpaka mwaka gani.

Daftari

Usiku ule nilifungua droo ya chini. Bangili ilikuwa imefifia, rangi ya risasi, si nyeusi na si nyeupe. Fedha ikikaa tu hewani hufanya hivyo. Najua hata shaba hushika weusi, kwa hiyo sisemi kwamba nimethibitisha lolote kuhusu sonara. Niliipitisha mkononi. Ilikwama kwenye kifundo cha dole gumba, nikatia sabuni, ikaingia.

Haitoki sasa. Kazini, pale tunapotakiwa kuwa mikono mitupu, naizungushia plasta na kujifanya nimeteguka. Anti aliiona siku ya pili tu. Hakuuliza kitu, alinishika mkono, akaigeuza kidogo, akasema kule Soufrière haitamaliza dakika kumi.

Nikampigia mama tena kumwambia tarehe ya safari. Akataka kujua kama ndege inapita juu ya bahari muda wote, kama huko wanakula wali, na kama Anti ni mtu wa dini. Mwisho akauliza kuhusu poromoko.

"Lina kiberiti kweli, au ni maji ya moto tu?"

"Lina kiberiti. Wanasema nivue fedha kabla sijaingia."

"Usivue."

"Itaharibika, mama."

"Haiharibiki. Mimi niliiharibu mara ngapi? Ingia nayo. Ikitoka nyeusi, nipigie wa video niione."

Nimekata mstari mmoja kwenye orodha. Chini yake nimeongeza limau, ambalo Anti anasema kule linaota uani kwao. Majivu ndiyo sijui nitayapata wapi. Nyumba niliyokodi wanapikia gesi.